Chenga za kupiga vibao vya kioo: mchanga wa mtoni, ganeti, oksidi ya aluminiamu au silikoni kabaidi?

Kioo_Tabata

Habari za jioni wakuu. Nina karakana ndogo Tabata, natengeneza vibao vya kioo: majina ya saluni, mapokezi ya ofisi, namba za nyumba. Siku hizi wateja wa Masaki na Mbezi Beach wanataka hadi milango ya kioo yenye nakshi za milango ya Zanzibar. Kazi hizi nimekuwa nikizifanya kwa krimu inayokula uso wa kioo na stika ya ukungu. Sasa nimenunua kompresa ya hp 3 na bunduki ya kufyonza, na nimechomelea kabati la bati lenye dirisha na glovu.

Nauliza chenga gani niweke, yaani zile punje ngumu ambazo bunduki inazirusha kwa hewa zikwaruze kioo. Ninaoulizia wananitajia nne: mchanga wa mtoni, ganeti, oksidi ya aluminiamu na silikoni kabaidi. Kioo ninachotumia sana ni cha milimita 6 na 10. Kibao cha kawaida nataka ukungu laini usio na madoa, na kwa kazi chache nataka kuchonga kina cha milimita 2 au 3. Bei nitazunguka mwenyewe Gerezani na Kariakoo. Ninachotaka hapa ni tabia ya kila moja ikikutana na kioo.

Mzee_wa_Vioo

Karibu kijana. Tuanze na mchanga ili tuutoe kabisa kwenye hesabu.

Mchanga wa mtoni, uwe wa Mpiji au wa kwingine, sehemu yake kubwa ni kwatzi, yaani silika ya fuwele. Kukata kioo unakata, maana ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 7 na kioo kipo kati ya 5.5 na 6. Tatizo ni kwamba punje ikigonga kioo inapasuka, na ile sehemu ndogo kabisa ya vumbi huioni kwa macho. Inapita puani, inashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na inabaki humo. Hiyo ndiyo silikosisi. Haina dawa ya kuiondoa, na mwenye nayo kifua kikuu kinamshika kirahisi. Waulizeni wachimbaji wa madini wa Mirerani, na waulizeni wauguzi wa hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto. Marekani, taasisi yao ya afya kazini, NIOSH, ilipendekeza tangu 1974 kwamba mchanga wa silika usitumike kwenye kazi hii. Sisi mwaka huu bado naona vijana pembezoni mwa barabara wanapiga mageti kwa mchanga na kitambaa usoni. Kitambaa hakizuii vumbi hilo.

Mchanga wa baharini ndiyo usiuguse kabisa. Una maganda ya kombe na chumvi, unashika unyevu na kuziba bunduki.

Zilizobaki tatu zote ni salama zaidi kwa mapafu, ila barakoa ya kuchuja vumbi yenye vichujio vya kubadilisha ivaliwe vilevile, na kabati liwe na feni inayovuta vumbi kulipeleka kwenye mfuko.

Stika_Sinza

Mkuu Kioo_Tabata, kabla hujaingia gharama: vibao vingi vya mapokezi mteja hatofautishi stika ya ukungu na kioo kilichopigwa. Mimi nakata kwa plota, mashine ya kukatia stika, nabandika kwa maji ya sabuni, nakabidhi siku hiyohiyo. Akibadilisha nembo nabandua. Umeme ukikatika sipotezi siku nzima nikisubiri kompresa. Kwa nini uhangaike na vumbi?

Dada_Nakshi

Shikamoo Mzee wa Vioo.

Stika_Sinza, kwa ofisi ya kupanga uko sahihi kabisa, nami nawauzia stika. Ila bango linalokaa nje upande wa jua la magharibi, kingo za stika huanza kuinuka na vumbi kuingia chini yake. Kioo kilichopigwa hakibanduki. Na kina huwezi kukipata kwa stika.

Sasa niseme ninavyozitumia hizi tatu, maana kila moja nimeifanyia kazi za wateja.

Ganeti ni jiwe la asili, ugumu wake ni kama 7 hadi 7.5. Kwa kioo inafanya kazi, lakini polepole, kwa sababu haijazidi kioo kwa mbali. Ukungu wake ni mzuri, tulivu. Ninayoipata mara nyingi imeandaliwa kwa ajili ya mashine za kukata kwa maji, namba 80 (namba ikiwa ndogo punje ni kubwa), na hiyo kwa herufi ndogo ni kubwa mno. Kama unaipata ndogo zaidi na kazi yako ni ukungu tu, inatosha. Kwa kuchonga milimita 3 utachoka wewe na kompresa.

Oksidi ya aluminiamu ndiyo ninayoishi nayo. Ugumu 9. Ipo ya kahawia na nyeupe: ya kahawia ni sugu na inarudiwa mara nyingi kabla haijawa unga, nyeupe ni safi zaidi na inavunjika upesi ikitoa ncha mpya. Kwa vibao, kahawia inatosha. Kero yake ni umeme tuli. Inapopita kwenye mpira na kugonga kioo inajikusanyia chaji, na unapigwa shoti ndogondogo mikononi hata ukiwa na glovu. Funga waya wa shaba kwenye kabati na kwenye bunduki, upeleke kwenye chuma kilichozamishwa ardhini. Kero hiyo inaisha.

Silikoni kabaidi ni nyeusi, inameta, ncha zake kali kama vigae. Ugumu unazidi 9 kidogo. Edward Acheson wa Marekani ndiye aliyeipatia hataza mwaka 1893, akiwa ameikuta wakati anatafuta namna ya kutengeneza almasi. Inakata kioo upesi kuliko zote tatu. Ukizima taa ya kabati utaona mwanga ukimetameta pale punje zinapogonga. Ndiyo ghali kuliko zote, na inakula nozeli ya kauri, ule mdomo wa bunduki, haraka sana. Kwa kuchonga, mimi siendi kwingine.

Lakini mdogo wangu, kabla ya kuchagua aina, chagua namba. Kioo kikishakamilika mteja hawezi kukuambia kama ulipiga kwa kahawia au nyeusi. Atakachokiona ni ukubwa wa punje. Namba 80 hadi 100 inachonga haraka na kuacha sura ya chembechembe kubwa. Namba 120 hadi 150 ni ya katikati. Namba 180 hadi 220 inatoa ukungu laini unaoteleza chini ya kidole. Nilipigia kipande kimoja cha kioo mistari minne ya namba tofauti, kipo mezani karakana. Mteja anapitisha kidole, anachagua mwenyewe, na ubishi hauji baadaye.

Kompresa_Buguruni

Dada kasema vizuri. Mimi naongezea upande wa hewa, maana hapo ndipo chenga nzuri hulaumiwa bure.

Nozeli yenye tundu la milimita 3 kwa presha ya psi 50 inataka karibu futi za ujazo 11 za hewa kwa dakika. Kompresa nyingi za hp 3 zinaishia karibu na hapo. Sasa nozeli ikilika ikafika milimita 5, hitaji linapanda zaidi ya mara mbili. Utaona presha inashuka, ukungu unatoka na mabaka, na utadhani chenga ni mbovu. Kama utatumia silikoni kabaidi, tafuta nozeli ya tangsteni kabaidi, au ya boroni kabaidi ukiipata. Ile ya kauri ipimie kila asubuhi kwa kupitisha mpini wa drili wa kipimo chake: ukicheza ndani, badilisha.

Bunduki ya kufyonza inavuta chenga kwa upepo tu, kwa hiyo inapoteza nguvu nyingi. Tanki la presha linasukuma hewa na chenga kwa pamoja, na kwa psi 30 hadi 40 linafanya kazi ambayo ya kufyonza inaihitaji psi 70 au 80. Kwa kompresa ya hp 3, tanki dogo la presha litakufaa kuliko kununua kompresa nyingine.

Na unyevu. Dar hii, hasa masika, ukifungua koki ya chini ya tanki la kompresa yanatoka maji kabisa. Namba 220 punje yake ni kama mikroni 65, ikipata unyevu kidogo tu inashikana na bunduki inakohoa: inatoa, inakata, inatoa. Kila inapokohoa kuna doa kwenye kioo. Weka kichujio cha maji mbali na kompresa, mwisho wa bomba, hewa ikiwa imeshapoa. Hewa ya moto inapita na mvuke wake, maji yanatokea mbele. Chenga zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kioo_Tabata

Asanteni sana wakuu. Je, krimu niiache kabisa? Na hii milango ya nakshi, mteja ameshanunua kioo cha milimita 10 kile cha usalama, kinachosagika kikivunjika. Anataka nakshi ya milimita 3.

Mzee_wa_Vioo

Simama hapo hapo. Hicho kioo usikichonge.

Kioo kilichoimarishwa kwa joto kina ngozi iliyobanwa pande zote mbili, na katikati kinavutwa. Ngozi hiyo ni kama moja ya tano ya unene kila upande, kwa hiyo kwa milimita 10 ni kama milimita 2. Ukichimba 3 umeshaitoboa, na kioo chote kinalipuka ndani ya sekunde, pengine mikononi mwako, pengine baada ya kukifunga mlangoni kwa mteja. Ukungu wa juujuu hauna shida. Kina kinachongwa kwanza kwenye kioo cha kawaida, kingo zinasuguliwa, mashimo ya bawaba yanatobolewa, ndipo kinapelekwa kwenye tanuru la kuimarisha, na wenye tanuru uwaonyeshe kina chake kabla hawajakipokea. Mwambie mteja ukweli mapema. Kile kioo alichonunua kitafaa kwa nakshi ya ukungu.

Kwa cha milimita 6, mimi sipiti theluthi ya unene. Milimita 2 basi.

Krimu iache kwenye glasi za zawadi. Kwenye eneo kubwa inatoa mawingu. Zaidi ya hapo, nyingi zina chumvi za floridi, zikigusa ngozi ni hatari kuliko zinavyoonekana, kwa hiyo glovu na maji ya bomba karibu. Asidi ya hidrofloriki yenyewe, ile ya kwenye madumu, usikubali iingie karakana yako. Inapenya ngozi bila kukuumiza sana mwanzoni na kwenda kufunga kalisi ya mwili mpaka moyo unaathirika.

Fundi_Kingo

Hamjagusa kukata, na bango la kioo mteja hutazama kingo kwanza.

Mkato ulionyooka ni kisu cha kioo na mafuta yake, halafu unakivunja kwenye mstari huo. Umbo la kupinda lenye kona za ndani, tumia diski ya almasi yenye ukingo mzima, isiyo na meno, na maji yawe yanatiririka muda wote. Ile ya meno ya kukatia zege inang'oa vipande. Kuna wanaojaribu kutoboa moja kwa moja kwa kupiga chenga. Inawezekana, lakini tundu linakuja limelegea juu na kubana chini, kuta hazinyooki.

Baada ya hapo ni mkanda wa msasa wa silikoni kabaidi na maji: namba 80 kutoa makali, 120, 220, 400. Usiruke hatua, mikwaruzo ya 80 ukiipeleka 400 itabaki inaonekana hata ufanye nini. Ukitaka king'ae kama maji, malizia na oksidi ya seri kwenye gurudumu la manyoya yaliyoshindiliwa. Maji yanapoza kioo na yanalaza vumbi.

Kwa bango la taa za LED za pembeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Mwanga unaingia kwenye ukingo, unasafiri ndani ya kioo, na unatoka pale tu palipopigwa. Ukingo ukiwa mbaya mwanga hauingii. Kioo cha kawaida kina chuma kidogo ndani, ndiyo ule ukijani wa pembeni, kwa hiyo taa nyeupe itaegemea kijani kadiri bango linavyorefuka. Mwambie mteja au tumia kioo chenye chuma kidogo.

Dada_Nakshi

Na kwa mabango ya LED piga kwa namba 100 au 120, punje kubwa inashika mwanga zaidi. Ukungu laini wa 220 unakuja umefifia.

Jambo la stika ya kuzuia, inayofunika sehemu zisizopigwa: ile ya matangazo ya kawaida inavumilia ukungu tu, namba 150 kwenda juu, presha ndogo. Ukileta namba 80 inachanwa kwenye ncha za herufi, hasa vile vinundu vya nukta. Kwa kuchonga nunua ile nene ya mpira. Kwenye nakshi chonga kwanza kile kinachopaswa kuonekana mbele kabisa, na ndicho kiende ndani zaidi. Ukimaliza, bandua sehemu inayofuata, endelea.

Kujua kama ukungu umekuwa sawa, usiangalie kikiwa na vumbi, vumbi linadanganya. Kifute, kikauke, kiweke mbele ya taa na nyuma kuwe giza. Sehemu iliyorukwa itang'aa kama kidoa cha mafuta. Rudia hapo kabla hujabandua stika, ukishabandua huwezi tena.

Kioo_Tabata

Nimeelewa. Nachukua kahawia namba 150 kwa vibao vya kila siku, silikoni kabaidi namba 100 kwa kuchonga, na natafuta tanki dogo la presha. Mchanga sitagusa. Swali la mwisho: alama za vidole kwenye bango la mapokezi?

Dada_Nakshi

Kioo kilichopigwa kinashika mafuta ya mikono, na kadiri punje ilivyokuwa kubwa ndivyo uchafu unavyojificha. Kila unapoweza, piga upande wa nyuma, herufi ukiwa umezigeuza, ili upande unaoguswa ubaki laini. Pale pasipowezekana, kioshe kwa maji na sabuni, kikauke kabisa, upake dawa ya kioo ya kuzuia maji na mafuta, halafu umweleze mteja kwamba itahitaji kurudiwa.

Na kwa kuwa utakuwa na chenga mbili, usizichanganye. Chekecha kila moja kwa chujio lake, na kabla ya kubadilisha fagia kabati lote pamoja na mpira wa bunduki. Punje chache za namba 100 zikibaki ndani, zitakuchorea mikwaruzo kwenye ukungu wa 150.