Facebook, Instagram, TikTok au WhatsApp Business: nianze kulipia matangazo wapi?

Mwanzo Mpya
Habari za humu wakuu. Nina biashara ndogo na nimetenga fedha za matangazo ya miezi mitatu. Siwezi kuzigawa kila mahali, kwa hiyo nataka mtandao mmoja au miwili niikomalie. Nimebaki na hiyo minne. Wenye uzoefu, upi unaleta mteja anayenunua, siyo wa kutazama na kupita? Nalipia wiki ijayo, naomba mwongozo.

Mzee wa Takwimu
Unauza nini? Mteja wako ni nani na yuko umbali gani na wewe? Akishaona tangazo unataka apige simu, aandike ujumbe au aje dukani? Bila hayo kila mtu humu atakutajia mtandao anaoupenda yeye.

Chausiku
TikTok mkuu, usizunguke. Kule hata akaunti changa video yake inaweza kufika mbali, maana mfumo unaangalia mtu anakaa kutazama nini, haujali sana anamfuata nani. Facebook walitangaza Januari 2018 kwamba wanatanguliza posti za ndugu na marafiki. Tangu hapo ukurasa wa biashara usipolipia unaonwa na wachache mno.

Kalamu Kavu
Chausiku, kufika mbali kunamsaidia nini kama waliotazama hawawezi kumfikia? Nimeona watu wana video zenye watazamaji kibao na dukani kumelala.

Mwanzo Mpya
Samahani, sikueleza vizuri. Nashona mapazia na kuyafunga. Wengi wa wateja ni watu wanaohamia nyumba mpya, na lazima niende kwanza kupima madirisha. Tuko wawili, mimi na msaidizi.

Mzee wa Takwimu
Hapo sasa. Pazia likishafungwa mtu anakaa nalo miaka, kwa hiyo usihangaike na wingi wa wafuasi. Unamtafuta mtu aliye mahali unapofika, katika wiki zile anazohama. Kwa hilo mimi nasema Facebook na Instagram kwa pamoja, maana zina mmiliki mmoja tangu 2012 na matangazo yake unayapanga sehemu moja. Ingia Meneja wa Matangazo, weka pini ulipo, chagua kilomita unazoweza kwenda kupima, kisha weka lengo la ujumbe ili mtu akibonyeza aangukie WhatsApp yako. Kitufe cha kukuza posti kilicho chini ya picha usikibonyeze haraka haraka. Mfumo unakuletea ulichoomba: ukiomba laiki, utaletewa watu wenye mazoea ya kulaiki, na laiki haishonwi.

Dada Rehema
Kabla hujamlipa mtu yeyote akusimamie, soma hii. Mimi nauza vifaa vya watoto wachanga. Alinijia wakala mwenye maneno matamu, akatufungulia ukurasa na kuahidi maelfu ya wafuasi kwa muda mfupi. Wakaja kweli. Kila asubuhi namba imepanda, na hakuna hata mmoja anayeuliza bei. Nikafungua orodha nikaanza kuwakagua: akaunti hazina picha, majina ni herufi na tarakimu, hazijawahi kuposti kitu. Walikuwa wa kununuliwa.

Madhara yalikuja taratibu. Nikiposti, mfumo unaonyesha kwanza kwa sehemu ya wafuasi kupima kama kitu kinavutia. Wale feki hawabonyezi chochote, basi posti inafia hapo hapo. Wateja wangu halisi niliowaelekeza kule wakawa wananiuliza mbona nimenyamaza, kumbe naposti kila siku! Nikamwambia wakala awaondoe, akasema hiyo ni kazi nyingine na malipo yake ni mengine. Tulipofikia kuachana ndipo nikajua kwamba msimamizi mkuu wa ukurasa ni yeye, mimi nilipewa uhariri tu. Akanitoa. Picha zote, maoni ya waliofurahia bidhaa, oda zilizokuwa kwenye mazungumzo, vyote vikabaki mikononi mwake. Hadi leo kuna wateja wanaandika kule wakidhani wanaongea na mimi, na inaniuma sana. Ukurasa fungua mwenyewe, kwa barua pepe yako na simu yako. Anayekusaidia mpe nafasi unayoweza kuifuta siku yoyote.

Chausiku
Pole sana dada. Mwanzo Mpya, jambo jingine: weka bei. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mimi nikiiona napita.

Kalamu Kavu
Mapazia hayana bei moja. Kuna upana wa dirisha, uzito wa kitambaa, marinda, bomba, shela ya ndani. Akiandika bei, mtu atakuja nayo na dirisha la sebule nzima.

Chausiku
Basi aandike mfano! Dirisha la upana huu, kitambaa hiki, jumla ilifika hivi. Mteja anajua yuko kundi gani na hakupotezei muda.

Jembe Moja
Na washindani nao wanasoma. Kesho jirani yako anashusha kidogo tu na kazi imehama.

Chausiku
Mshindani anaweza kujifanya mteja akauliza inboksi akajibiwa. Anayefichwa hapo ni mteja peke yake.

Jembe Moja
Sikubaliani, ila tuache. Mnachosahau ni kwamba mitandao hii ni kiwanja cha kukodi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima pamoja kwa takriban saa sita. India ilifungia TikTok Juni 2020, na waliokuwa wameweka biashara yao yote kule wakaanza upya. Andika namba za wateja kwenye daftari lako, na ukiweza weka tovuti ndogo.

Kalamu Kavu
Hapo naungana na Jembe. WhatsApp Business nayo ielewe: mgeni hakugundui kule, anafika akiwa ameshakuona kwingine. Kazi yake ni kumalizia mauzo. Weka katalogi yenye picha, saa za kazi na majibu ya haraka. Na ukituma ujumbe kwa orodha ya wengi, unamfikia aliyehifadhi namba yako tu, kwa hiyo siku ya kufunga mapazia mwombe mteja aihifadhi mbele yako.

Mwanzo Mpya
Asanteni. Naona naelekea Instagram na WhatsApp, ingawa TikTok bado inanivuta. Kupiga video nzuri ndiyo sijui.

Chausiku
Simama sehemu moja, piga dirisha tupu, kisha piga tena likiwa limevishwa. Video hiyo hiyo iweke TikTok na Instagram, hakuna aliyekulazimisha kuchagua moja. Kote pakia video yenyewe uliyoipiga, isiwe na nembo ya mtandao mwingine.

Mzee wa Takwimu
Kuposti bure afanye kote. Swali lake lilikuwa la fedha, na bado hajatuambia ni kiasi gani.

Tumaini
Nimechelewa. Dada Rehema, ule ukurasa uliuripoti? Rafiki yangu alirudishiwa wake baada ya kupeleka hati za usajili wa biashara.

Dada Rehema
Niliripoti nikaombwa vielelezo, na wakati ule usajili ulikuwa bado haujakamilika. Sasa hati ninazo. Yeye alianzia wapi?