Methilesheni ya DNA: sitosini hazigeuki zote kwa bisulfaiti

Swali: Wakuu, napima methilesheni (vikundi vya methili vilivyobandikwa kwenye sitosini, yaani besi C) kwenye DNA ya damu ya binadamu, nanogramu 500, kwa bisulfaiti, kemikali inayogeuza sitosini zisizo na methili kuwa besi ya urasili na kuziacha zenye methili. Mfuatano unaonyesha 8% ya sitosini zilizo nje ya CpG (C inayofuatwa na G) zimebaki C, na kipande cha besi 600 hakitoki kabisa kwenye PCR (kunakili DNA mara nyingi). Nirekebishe wapi?

Jibu 1: Hiyo 8% si methilesheni, damu haina kiasi hicho nje ya CpG. DNA yako imegeuka nusunusu. Bisulfaiti hufanya kazi kwenye uzi mmoja tu, kwa hiyo nyuzi zisipoachana, au zikirudiana, sitosini hazifikiwi. Ondoa protini zilizobaki kwanza, kisha rudia 95 °C mara kadhaa katikati ya mmenyuko. Changanya pia DNA ya faji lambda (kirusi cha bakteria) isiyo na methili ili upime ugeuzaji, 0.5% ya uzito inatosha. Sitosini zake zikigeuka chini ya 99%, usihangaike kutafsiri matokeo.

Jibu 2: Besi 600 ni tamaa! Bisulfaiti huikatakata DNA; lenga 150–300. Praima (vipande vifupi vinavyoanzisha unakili) ziwe za besi 26–30 na zisikalie CpG. Unatumia polimerasi (kimeng'enya cha kunakili DNA) gani? Pfu ya kawaida hukwama ikikuta urasili.

Muulizaji: Ni Pfu. Na mbona jeli haionyeshi kitu baada ya kugeuza?

Jibu 2: Basi hamia Taq, polimerasi nyingine, ile inayoamshwa na joto. Jeli isikutishe: DNA sasa ni uzi mmoja, rangi haishiki vizuri. Poza jeli kwenye barafu dakika chache, utaona ukungu hafifu. Kwenye spektrofotomita ipime kama RNA, yaani 40 µg/mL kwa kila kizio 1 cha ufyonzaji wa mwanga wa nm 260.