Oili ya injini imezidi alama ya juu: je, kuna madhara?

Muulizaji

Ndugu zangu, habari zenu. Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, na kitabu chake kinaeleza kwamba injini huchukua lita 3.7 za oili filta inapobadilishwa, na lita 3.4 filta isipobadilishwa. Baada ya kufanyiwa sevisi nilipima oili gari likiwa mahali tambarare, nikakuta imepita alama ya juu kwa kiasi kinachokaribia nusu ya nafasi iliyopo kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia oili. Fundi aliyefanya kazi hiyo ananiambia kwamba galoni la lita 4 humiminwa lote, na kwamba oili ikizidi ni faida kwa injini. Taa ya oili haiwaki na sioni moshi, ila nahisi gari limekuwa zito kidogo ninapokanyaga mafuta. Je, niendelee kuliendesha hadi sevisi ijayo, au nitoe iliyozidi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, kauli kwamba oili ikizidi ni faida haina ukweli, na tunapaswa kuikataa waziwazi kwa sababu inaweza kuua injini ambayo haikuwa na tatizo lolote. Oili hukaa chini kabisa, ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na juu yake kidogo ndipo inapozungukia krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Nafasi iliyoachwa kati ya uso wa oili na krankishafti iliachwa kwa makusudi. Oili ikipanda hadi kufikiwa na krankishafti, huanza kuchapwa: injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huipiga mara 50 kila sekunde, na hewa huingia ndani yake mpaka ikafanya povu, kama yai linavyofanya likipigwa kwa uma.

Povu hilo ndilo la kuogopwa. Pampu ya oili imetengenezwa kusukuma kimiminika, ambacho hakishindiliki kwa urahisi, ilhali viputo vya hewa hushindilika. Kwa hiyo pampu ikivuta povu, presha hushuka na utando mwembamba wa oili unaotenganisha krankishafti na metali zake, yaani beringi zinazoishikilia, hukatika. Chuma kikigusana na chuma, metali huliwa, na hatimaye injini hunoki, yaani hufa, ingawa sampu imejaa. Tapeti (vipande vinavyosukuma vali) zinazotegemea presha ya oili nazo huanza kugonga, na mara nyingi mlio huo ndio dalili ya mwanzo. Usijifariji kwa sababu taa haiwaki, kwa kuwa taa hiyo huwaka tu presha ikiwa imeshuka sana.

Kuhusu uzito unaouhisi, krankishafti inayosukumana na oili hupoteza nguvu na kuongeza joto, kwa hiyo jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, kwa kiasi ulichokieleza sidhani kwamba oili inafikiwa muda wote. Nashuku hutokea zaidi unapopanda mlima, unapofunga breki kwa nguvu au unapokata kona, kwa sababu hapo oili husogea upande mmoja wa sampu. Mimi ningeitoa. Tena, naomba uangalie filta kama kweli ilibadilishwa, maana hesabu ya fundi wako inanitia shaka.

Jibu la pili

Naunga mkono maelezo ya hapo juu, na ninaongeza suala la moshi, kwa sababu hasara yake huja polepole. Injini ina bomba la kupumulia ambalo hutoa gesi zilizopenya kwenye ringi za pistoni na kuzirudisha kwenye njia ya hewa ili ziungue. Oili inapochapwa hugeuka ukungu, ukungu huo huvutwa pamoja na gesi hizo, na injini huanza kuchoma oili yake yenyewe. Hapo utaona moshi wa bluu, plagi zitashika masizi, na baada ya muda masega ya kusafisha moshi yaliyo kwenye ekzosi yataharibika.

Watu wengi husema kwamba oili ikizidi hupasua sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, mara moja. Nadhani jambo hilo hutiwa chumvi: sili huanza kuvuja pale bomba la kupumulia linapozibwa na presha ya gesi ikakosa pa kutokea, si kwa sababu tu ya nusu lita iliyozidi.

Wenye injini za dizeli ndio wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi. Injini hiyo haihitaji plagi ili kuwasha, kwa hiyo ikivuta oili ya kutosha kupitia njia ya hewa inaweza kuifanya mafuta yake na kupandisha mzunguko yenyewe, na kuzima swichi hakutaisimamisha. Itasimama ikikatiwa hewa. Na kwa gari la gia za mkono, dereva anaweza kukanyaga breki kwa nguvu zote, kuweka gia kubwa na kuachia klachi ili injini izimike.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimeangalia filta na ni ile ile ya zamani, haikuguswa. Sasa naitoaje oili iliyozidi bila kumwaga yote?

Jibu la kwanza

Basi jibu limepatikana: injini yako ilihitaji lita 3.4 ikawekewa 4, na lita 0.6 zilizozidi zinakaribiana na ulichokiona kwenye kijiti, kwa kuwa katika magari mengi nafasi kati ya alama mbili ni takriban lita moja. Kwa kuwa filta ni ya zamani, unaweza kulitumia kosa hilo vizuri. Ukifungua filta, oili iliyomo ndani yake hutoka, nayo kwa gari lako ni kama lita 0.3, weka filta mpya, washa injini kwa dakika chache ili filta ijae, izime, kisha subiri dakika 10 kabla ya kupima.

Kitakachobaki kimezidi kivute kwa bomba la sindano lililounganishwa na mpira mwembamba, ukiupitisha kwenye tundu la kijiti, kidogo kidogo huku ukipima. Njia hii ni salama kuliko kulegeza nati ya sampu ya kumwagia oili, ambayo huachia oili kwa kasi. Ukilazimika kuitumia nati hiyo, injini iwe ya uvuguvugu na si ya moto, na uweke washa (pete ya kuzuia kuvuja) mpya unapoifunga.

Jibu la tatu

Kwa wengine watakaosoma hapa, naomba mtofautishe oili iliyozidishwa na fundi na oili inayopanda yenyewe kati ya sevisi moja na nyingine. Ikipanda yenyewe, kitu kingine kinaingia humo. Ikiwa na rangi ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Ikinuka petroli au dizeli, shuku nozeli ya kupulizia mafuta inayovuja, au, kwa dizeli zenye chujio la masizi, safari fupi fupi zinazokatiza kazi ya chujio kujisafisha. Katika hali hizo kupunguza kiasi hakusaidii, kwa sababu oili iliyobaki imeshakuwa nyepesi au imechanganyika na maji, na inapaswa kumwagwa yote baada ya chanzo kurekebishwa.