Naomba ushauri: mradi wa BB84 umenikwamisha

Habari zenu wakuu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni BB84, njia ya Bennett na Brassard ya 1984 ya kugawana ufunguo wa siri kwa fotoni (chembe za mwanga). Programu nimeandika kwa Python. Bila mdukuzi, biti zinazobaki baada ya kutupa zile ambazo mtumaji na mpokeaji walitumia mielekeo tofauti zinalingana zote. Mdukuzi akipima kila fotoni na kuirusha upya, makosa yanafika kama asilimia 25. Nilipoiona namba ile saa nane usiku nilifurahi mno!

Sasa, hao wawili wanapoambiana kwa njia ya kawaida walitumia mwelekeo upi kwa kila fotoni, mtu wa kati akijifanya ndiye mwenzako je? Naona lazima wawe na kasiri kadogo ka kuanzia. Nitumie Wegman-Carter (njia ya kuthibitisha ujumbe kwa siri ya pamoja), au sahihi za kidijitali zinatosha? Naombeni mwongozo, nawasilisha Ijumaa ijayo.