Ukishakuwa na Nobel ya fizikia ndo kila unachosema ni sayansi?

Wakuu, kuna mdau kadai telepathia (watu kupashana mawazo kwa akili tu) ni kitu cha kweli kwa sababu Brian Josephson, mwanafizikia wa Uingereza, anaikubali, na mwenye Nobel hawezi kudanganyika kirahisi. Hapo mimi nakataa.

Josephson kichwa anacho, hilo halina ubishi. Mwaka 1962, ana miaka 22, bado mwanafunzi Cambridge, alipiga hesabu akasema supakondakta mbili (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote) zikitenganishwa na utando mwembamba sana usiopitisha umeme, mkondo utapita hivyo hivyo hata volteji ikiwa sifuri. John Bardeen, mwanafizikia mwenye Nobel yake tayari, akampinga kwa maandishi kabisa. 1963 Anderson na Rowell wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, wakapima na dogo akawa sahihi, 1973 naye akapewa Nobel.

Baada ya hapo akahamia kwenye meditesheni na mambo ya akili kuathiri vitu. 2001 posta ya Uingereza ilitoa stempu za miaka 100 ya Nobel, wakamwomba aandike maneno machache ya kijitabu chake, si akachomekea kwamba fizikia ya kwanta (ile ya vitu vidogo kama atomi) huenda ikaja kuielezea telepathia! Wenzake wakawaka, mwanafizikia David Deutsch akaiita upuuzi mtupu.

Najua mtasema hata mwanzo alipingwa na mkubwa. Sawa, ila mwanzo alitoa hesabu ambayo mtu yeyote mwenye maabara angeweza kuipima akamuumbua, na huyo Bardeen aliyeangushwa na vipimo alikuwa na Nobel pia, sasa Nobel ilimsaidia nini? Kwenye telepathia hesabu ya namna hiyo iko wapi?

Ila kuna sehemu nampa maksi. 2004 wapinga miujiza walimpima New York binti mmoja wa Kirusi aliyedai anaona ndani ya miili ya watu, wakampa watu 7 awaoanishe na hali zao za kiafya, akapata 4, wakasema kafeli maana walishapanga lazima apate 5. Josephson akawaambia: kwa kubahatisha tu, kupata 4 au zaidi ni kama mara moja katika 50, mngesema majibu hayajaamua kitu badala ya kusema kafeli. Hapo alikuwa na hoja, na hoja yenyewe angeitoa hata mwalimu wa hesabu wa sekondari ingesimama vilevile.

Kwa hiyo mnaomtetea, Nobel wekeni pembeni kwanza. Leteni jaribio moja la telepathia ambalo maabara ya wasioamini imelirudia likatoa majibu yale yale.