Ushauri: nimeteuliwa kwenye kamati ya maafa ya jiji, nianzie wapi kuukagua mpango wetu?

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni diwani, na hivi karibuni nimeteuliwa kuingia katika kamati ya maafa ya halmashauri ya jiji letu, ambalo sehemu zake za bondeni hujaa maji kila mto unapofurika. Nimekabidhiwa mpango wa kukabiliana na maafa, kitabu kinene chenye ramani, chati za uongozi na viambatisho vingi. Maneno "hatua stahiki zitachukuliwa" na "wadau watashirikishwa" yanajirudia karibu kila ukurasa, lakini sijaona popote ni nani atakayeamuru watu wa bondeni wahame, wala amri hiyo itatoka maji yakiwa yamefika wapi. Wakati huohuo wataalamu wanaomba fedha za gari jipya la uokoaji na za jengo la kituo cha uratibu, na bajeti haitoshi vyote viwili. Mtu asiye mtaalamu aulize nini kabla ya kuidhinisha matumizi ya namna hii?

Mwokoaji mstaafu

Mheshimiwa, swali lako la nani na maji yakifika wapi ndilo linalopaswa kutangulia gari na jengo. Mpango usiotaja kiwango cha kuchukua hatua huishia kwenye kikao huku maji yakipanda, kwa sababu hakuna ofisa anayetaka kulaumiwa kwa kuhamisha watu bure. Jiji la Ahmedabad nchini India lilikumbwa na joto kali lililoua watu wengi mwaka 2010. Mpango wa joto ulioanzishwa huko mwaka 2013 ulipanga tahadhari kwa rangi kufuatana na utabiri, nyekundu ikianzia nyuzi joto 45, na kila rangi ikafungamanishwa na kazi za idara zinazohusika. Kwa utaratibu huo watu hawabishani tena iwapo hali ni mbaya au la, kwani utabiri ukisomwa kila mmoja anajua wajibu wake.

Nanyi mnaweza kuchora alama kwenye nguzo ya daraja. Maji yakigusa alama ya kwanza, viongozi wa mitaa waarifiwe na milango ya shule zilizo mwinuko ifunguliwe. Yakigusa ya pili, amri ya kuhama itoke bila kusubiri kikao. Ofisa mwenye mamlaka ya kuitoa atajwe kwa cheo, pamoja na wawili wa kushika nafasi yake asipopatikana, maana mafuriko hayaangalii ratiba ya safari za kikazi.

Mhandisi wa maji

Naafiki, ila usisahau kukagua vifaa mlivyo navyo tayari kabla ya kufikiria vipya. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York mwezi Oktoba 2012, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta zake za dharura orofa ya 13, ambako maji yasingeweza kufika. Pampu za kupandisha mafuta, hata hivyo, zilikuwa chini ya jengo, na zilipofunikwa na maji watu walijipanga kwenye ngazi wakipokezana mafuta mkono kwa mkono, kabla ya wagonjwa wote kuhamishwa. Kila kifaa kwenye orodha yenu kifuatilieni hadi mwisho: mafuta yake yako wapi, nani anajua kukiwasha, na ufunguo wa stoo hulala kwa nani usiku.

Mratibu wa kujitolea

Ndugu zangu, ninyi mnazungumzia ofisi zaidi kuliko mtaa. Tetemeko la ardhi la Kobe, nchini Japani, la Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,400, na wengi wa waliofukuliwa wakiwa hai walitolewa na jamaa na majirani, si na vikosi. Haikuwa kwamba vikosi vilizembea. Ni kwamba hakuna jiji lenye waokoaji wa kutosha kufika kila nyumba ndani ya saa ya kwanza. Kwa hiyo sehemu ya fedha za gari ingetumika vizuri zaidi kufundisha vikundi vya mitaa na kuwapa kamba, mitarimbo na vipaza sauti.

Mazoezi nayo yasiwe ya kupiga picha. Jijini Mexico, Septemba 19, 2017, zoezi la kila mwaka la kukumbuka tetemeko la 1985 lilifanyika asubuhi, na baada ya saa mbili hivi tetemeko la kweli likapiga. Chanzo chake kilikuwa karibu mno, hata maeneo mengi yalisikia ving'ora ardhi ikiwa imeshaanza kutikisika. Katika hali kama hiyo mtu hufuata njia ambayo ameshaizoea.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana. Hofu yangu ni kwamba tukihamisha watu mara mbili na mto usifurike, mara ya tatu hakuna atakayetusikiliza.

Mwokoaji mstaafu

Hofu hiyo ni ya haki, lakini mara nyingi anayekataa kuhama huwa na sababu nyingine: anahofia wezi, ana mgonjwa kitandani, au hana usafiri. Mwaka 2005 jiji la New Orleans nchini Marekani lilitoa amri ya kuhama kabla ya Kimbunga Katrina, na wengi waliobaki hawakuwa na magari, ilhali mabasi ya umma yalikuja kuonekana yamezama yakiwa yameegeshwa. Wekeni mikataba na wenye mabasi na madereva mapema, pangeni ulinzi wa nyumba zitakazoachwa, na hatari ikipita bila madhara waelezeni watu siku hiyohiyo ni kipimo gani kilichowafanya mtoe amri.

Kuhusu bajeti, usiidhinishe lolote kabla ya zoezi moja la mezani, yaani kuketi pamoja na kuigiza kwa mazungumzo jinsi mtakavyokabili mafuriko, wakuu wa idara wakiwa hawana kile kitabu mkononi. Lifanyike usiku wa siku ya mapumziko, kila namba ya simu iliyo kwenye kiambatisho ipigwe kweli, na zile zisizopokelewa zisomwe mbele ya kikao cha bajeti.