Naomba ushauri: wachezaji waruhusiwe kukagua vifaa vya wenzao?

Wakuu, salaam. Naongoza kikundi cha wachezaji wa gemu za mtandaoni, na jambo hili limetugawa. Gemu yetu inamwachia kila mtu achague kama wengine waone vifaa, yaani silaha na mavazi, vya mhusika wake. Sasa baadhi ya wenzetu wanataka kila anayejiunga alazimike kuonyesha.

Hoja yao naielewa. Gemu ya World of Warcraft imeruhusu ukaguzi huo miaka mingi, na mgeni hujifunza mengi kwa kuangalia mkongwe amevaa nini. Tena kwenye pambano gumu, vifaa dhaifu vya mmoja vinaweza kuwaangusha wote.

Ila nakumbuka GearScore, ile programu ya nyongeza ya World of Warcraft iliyogeuza vifaa vyote vya mtu kuwa namba moja. Watu walikataliwa kabla hawajarusha hata pigo, na namba ile haikujua kama mtu anakwepa moto au anasimama ndani yake. Hilo ndilo linaloniuma. Mgeni anadaiwa vifaa vinavyopatikana kwenye pambano lile lile analozuiwa kuingia, atavitoa wapi? Gemu ya Guild Wars 2 ilitoka mwaka 2012 bila ukaguzi wa namna hiyo na watu wakacheza pamoja.

Mimi naelemea hiari: anayetaka kusaidiwa afungue mwenyewe. Kwa mapambano magumu kabisa bado nasita. Nyie mnaoongoza vikundi, mnampimaje mtu bila kupekua vifaa vyake? Na mkikuta ni dhaifu, mnamwambiaje bila kumvunja moyo?